Kiti cha Fundi Saa na Suala la Urusi

Jumatatu, tarehe 3 Novemba

Bismillahi. Siku imeanza kwa utulivu na imeishia kwenye mtihani.

Baada ya sala ya alasiri tulikaa barazani kwa Fundi Saa kama ilivyo ada, katika chumba cha mbele cha duka lake, ambamo saa za ukutani hazijapata kukubaliana hata siku moja. Mwenyewe akatangaza kwamba anahamia kwa binti yake. Kiti chake cha uenyekiti, kile chenye mikono, kitabaki wazi. Macho yote yakaelekea kitini.

Nani atakirithi? Atakayeshinda mjadala wa Jumamosi. Hoja: Urusi ina haki katika jinsi inavyowatendea majirani zake na nchi za Magharibi. Wasemaji: mimi na Stesheni.

Stesheni ni mkwe wangu, baba wa mke wa mwanangu. Alikuwa mkuu wa kituo cha reli, na hadi leo huongea kana kwamba nyuma yake kuna treni inayongoja ruhusa ya kuondoka. Ameitetea Urusi tangu siku ya kwanza ya vita. Nami nimeipinga tangu siku hiyo hiyo. Nadhani ni kwa sababu yeye alitangulia kuitetea.

Niandike pia kwa nini nakitaka kiti, maana Mola anajua na haina faida kumficha. Nimesomesha madrasa umri wangu wote. Nilikuwa nikiinua kidole, chumba kizima kinanyamaza. Sasa nikisema jambo nyumbani naambiwa "ndiyo, Baba," kisha mazungumzo yanaendelea pale pale yalipokuwa. Katika mtaa huu pamebaki mahali pamoja tu ambapo mtu akisema wengine hunyamaza. Ni kwenye kiti kile.

Kanuni ya baraza ni hii: anayekaa benchi la dirishani anaunga mkono hoja, anayekaa benchi la mlangoni anapinga. Ukishakaa huhami. Fundi Saa aliiweka kwa sababu ya wazee waliokuwa wakigeuka katikati ya maneno. Stesheni hukaa dirishani. Mimi mlangoni.

Nimepata njia. Kesho nitamtuma mkaza mwanangu kwa baba yake na chupa ya mafuta ya kuchulia goti. Amchue, asikilize, arudi anihadithie. Je, huu si upelelezi? Nimelitafakari. Ni kumwuguza mgonjwa. Astaghfirullah hata hivyo.


Jumanne, tarehe 4 Novemba

Mkaza mwana amerudi na habari kamili. Binti huyu ana kumbukumbu ya kutisha. Ningekuwa naye madrasani angehifadhi upesi kuliko wote.

Kwa mujibu wake, Stesheni atasema hivi. Kwamba dola kubwa ya Kisovieti iliposambaratika, Warusi walikuwa hoi, na nchi za Magharibi zikawaona hoi. Kwamba jumuiya ya kijeshi ya NATO ikawa inasogea mashariki, nchi baada ya nchi, ilhali Warusi wanasema waliahidiwa kwa mdomo kwamba haitasogea. Kwamba hao hao wanaoisomea Urusi sheria waliingia Iraq bila ruhusa ya Umoja wa Mataifa, wala hakuna aliyewafungia benki.

Nikachukua kalamu ili nimjibu. Nikaiweka chini. Nikaichukua tena.

Msiba wenyewe ni huu: maneno yana uzito.

Mkaza mwana akauliza mimi nitasema nini. Nikamweleza yote kwa utaratibu, ili kesho ajue asikilize wapi. Alisikiliza kwa adabu sana. Nilifurahi kwamba nyumbani humu kuna mtu anayenisikiliza.


Jumatano, tarehe 5 Novemba

Nimekwenda kunyoa ili nizipime hoja zangu mbele ya watu wa kawaida. Nilikosea mahali pa kupimia.

Nilimwambia kinyozi kwamba nchi ni kama mwenye nyumba. Akitaka kufanya urafiki na mtu wa ng'ambo ya barabara, jirani hana ruhusa ya kumvunjia mlango. Kinyozi akakubali. Mteja aliyekuwa akingoja akakataa. Akauliza, na huyo rafiki wa ng'ambo akija na bunduki zake kukaa uani, jirani alale usingizi gani? Kinyozi akakubali hilo nalo. Nikamuuliza yuko upande gani. Akasema yuko upande wa mteja. Nikamwambia mteja ni mimi. Akasema hata yule ni mteja. Akaweka wembe chini ili abishane vizuri, akina mama wa duka jirani wakaja mlangoni kusikiliza, na mimi nikaondoka kwa hasira.

Nimesali magharibi nikiwa nimenyolewa shavu moja. Imamu aliniangalia mara mbili. Akageukia kibla. Ni mtu wa heshima.

Lakini nimegundua jambo moja. Mteja yule alipozungumza, watu walitikisa vichwa kwa kukubali. Watu wanapenda kusikia habari ya aliyedharauliwa. Kila mmoja humo ndani amewahi kudharauliwa.

Basi nimeamua. Nitazichukua hoja za Stesheni. Jumamosi nitawahi kabla yake, nitakaa benchi la dirishani, naye atalazimika kukaa la mlangoni bila neno hata moja mdomoni. Hii si hila. Ni maandalizi.


Alhamisi, tarehe 6 Novemba

Nahifadhi. Nimesimama mbele ya kioo na kuitetea Urusi kwa sauti. Mkaza mwana akaingia kuchukua nguo za kufua. Akasimama. Akauliza kwa upole:

"Baba, si ulikuwa upande ule mwingine?"

Nikamjibu kwamba mtu aliyesoma anaweza kukaa katika hoja yoyote kama msafiri katika nyumba ya wageni. Akauma mtandio wake na kutoka haraka. Nilisikia kikohozi uani. Au kicheko. Sikuthibitisha.

Mchana nikafungua redio nipate mfano mmoja zaidi. Badala yake nikamsikia bibi mmoja wa Ukraine, mtu mzima kama mimi. Nyumba yake imepigwa; ukuta wa upande mmoja haupo. Alisema kila asubuhi anamwagilia maua ya sebuleni, maana maua hayajui kama ukuta umeondoka.

Nimefunga redio. Nimekaa. Nikajaribu kuiendeleza ile sehemu ya ahadi ya mdomoni, nikaikuta imenitoka.

Allah amhifadhi bibi yule. Lakini hawezi kunisaidia Jumamosi. Yeye ni wa benchi la mlangoni.


Ijumaa, tarehe 7 Novemba

Stesheni kasali bega kwa bega nami. Baada ya sala akaniuliza hali ya mgongo wangu kwa huruma isiyo ya kawaida. Hajawahi kuuliza habari ya mgongo wangu. Akasema ameniletea mto wa kukalia, niuweke kwenye benchi langu, "lile la mlangoni, mkwe, maana ubao wake mgumu." Akatabasamu.

Kwa nini anataka nikae vizuri?

Akauliza kesho nitakwenda saa ngapi. Nikasema baada ya alasiri, kama kawaida. Naye akasema hata yeye ni baada ya alasiri. Tukapeana mikono. Mkono wake ulikuwa na jasho. Namshukuru Mungu kwamba wangu pia ulikuwa na jasho, kwa hiyo haikujulikana la nani ni la nani.


Jumamosi, tarehe 8 Novemba

Nimechoka, lakini niandike yote kabla sijayasahau kwa makusudi.

Niliondoka nyumbani mara baada ya adhuhuri. Duka lilikuwa wazi. Nikaingia upesi, nikakaa benchi la dirishani, nikaweka mto, nikashusha pumzi. Ndipo nilipoinua macho.

Stesheni alikuwa amekaa benchi la mlangoni. Kwenye nafasi yangu hasa. Amevaa kofia yake ya sherehe.

Tulitazamana. Hakuna aliyeweza kumuuliza mwenzake swali, kwa kuwa jibu lingetuumbua sote wawili. Tukazungumzia joto hadi watu walipojaa.

Fundi Saa alikaa kitini, akatutazama mmoja mmoja, akaipandisha hadi kwenye paji la uso ile lenzi yake ya kutazamia vyuma vya saa, akatutazama tena. Kisha akasema tuanze.

Nilianza mimi. Nikasema habari ya NATO kusogea, habari ya kudharauliwa, habari ya Iraq. Watu walitikisa vichwa. Nilijisikia vizuri. Kisha Stesheni akasimama, akasema kwamba nchi ni kama mwenye nyumba, akitaka kufanya urafiki na mtu wa ng'ambo ya barabara, jirani hana ruhusa ya kumvunjia mlango.

Maneno yangu. Hadi barabara ilikuwa yangu.

Ningevumilia kama angeyasema vizuri. Lakini aliyasema kama anayetangaza kwamba treni imechelewa. Tena akaruka lile lililo kubwa kuliko yote. Nikashindwa kujizuia. Nikasimama.

"Mkwe, umeacha saini! Ukraine ilikabidhi silaha zake za nyuklia, na Urusi ikatia saini kwamba itaiheshimu mipaka yake. Usipolisema hilo unasema nini?"

"Ahsante, mkwe," akasema, "nilikuwa nakuja huko. Na wewe mbona hukuitaja ahadi ya mdomoni? Bila hiyo hoja yako haina miguu."

Nikamshukuru. Nikaitaja. Yeye akaitaja saini. Nikamwambia saini inapita ahadi ya mdomoni. Akaniambia kwamba ahadi ya mdomoni nayo isipotimizwa inauma. Nikamwambia kuuma si ruhusa ya kuingia kwa watu. Akasema hilo alitaka kulisema yeye. Fundi cherehani, ambaye huwa hasemi, akanyoosha mkono na kuomba aelezwe nani anapingana na nani.

Saa moja ya ukutani ikagonga, nyingine ikafuata baada ya kitambo, kila moja kwa wakati wake.

Hapo ndipo mkaza mwana alipoingia na chai ya wazee. Fundi Saa akamuuliza moja kwa moja kama anajua lolote juu ya jambo hili. Akaweka sinia chini kwanza.

"Baba alinituma kwa baba, na baba akanituma kwa Baba. Kila mmoja aliniuliza, nikamjibu. Hakuna aliyeniambia kwamba ni siri."

Watu walicheka hadi kinyozi akaegemea mlango. Mimi nilitazama dirishani. Stesheni alivua kofia.

Fundi Saa akahukumu. Akasema wazee wawili waliokwapuliana maneno hadi kila mmoja akamtetea mwenzake, hakuna kati yao wa kuachiwa kiti peke yake. Kiti kitakuwa cha zamu. Jumamosi ijayo Stesheni, inayofuata mimi. Akatuonyeshea kidole.

"Kiti ni cha baraza. Kinakaa hapa hapa. Kisiguswe."

Tukaitikia kwa sauti moja.


Jumapili, tarehe 9 Novemba

Kinyozi amemalizia shavu la pili. Muda wote mabega yalikuwa yakimtikisika.

Njiani watu wananiamkia kisha wananiuliza niko upande gani. Najibu kwamba ni suala pana.

Alasiri Stesheni amekuja nyumbani mwenyewe, bila kutuma mtu. Tulikaa uani muda mrefu. Akakiri kwamba tangu Jumatano alikosa jibu la saini, ndiyo maana akaiba upande wangu. Nami nikakiri kwamba nilikosa jibu la dharau. Nikamsimulia habari ya yule bibi na maua yake. Kisha akasema taratibu kwamba yeye ameitetea Urusi kwa kuwa nchi za Magharibi zimemkera maisha yake yote, lakini bibi yule hakumkera kitu.

Tumekubaliana hivi: mtu anaweza kuwa na hofu ya kweli, na anaweza kuwa na malalamiko ya kweli, na bado asipewe haki ya kuchukua kisicho chake. Nimelisema mimi. Yeye akasema "amina". Nilihisi nuru moyoni. Sikumbuki lini tumekubaliana jambo, mimi na mkwe wangu.

Alhamdulillahi kwa mafunzo ya wiki hii.


Jumatatu, tarehe 10 Novemba

Leo asubuhi nimepita dukani kumsaidia Fundi Saa kufunga mizigo. Nikakitazama kiti kwa karibu. Mguu mmoja wa nyuma unacheza kidogo. Stesheni ni mtu mzito. Zaidi ya hayo, kinyozi ananiambia Stesheni alionekana jana akizungumza na seremala. Wanazungumza nini? Kwa nini seremala? Kwa nini sasa?

Sikuwa na hiari. Fundi Saa alipoingia ndani kutafuta kamba, nikambebesha mchukuzi kiti hadi kwangu.

Niweke wazi kwamba kiti hakikuchukuliwa. Kinalindwa. Ni jambo la muda, kwa ajili ya usalama wa kiti chenyewe. Isitoshe, mbao zake alizipasua marehemu mjomba wangu, jambo ambalo watu wa siku hizi hawapendi kulikumbuka, kwa hiyo kihistoria kiti hiki na nyumba hii havijapata kuwa vitu viwili.

Stesheni amemtuma binti yake aulize kama kuna kiti kimehama. Nimejibu kwamba sina habari ya kiti chochote. Nilikuwa nimekikalia wakati huo. Mkaza mwana akakitazama kiti, akanitazama mimi, akauliza kitarudi lini.

"Hali ikiruhusu," nikamwambia.

Akasema, "Ndiyo, Baba."

Kina mikono mizuri. Nimeinua kidole kujaribu. Chumba kilinyamaza kabisa, ingawa ni kweli kwamba nilikuwa peke yangu.

Kesho nitampa mkaza mwana chupa nyingine ya mafuta ya goti aende nayo kwa baba yake. Asikilize tu wanapanga nini kule.