Bunduki ya Posa

Kidawa binti Msabah alikuwa dalali, na katika Mlandege nzima hakuna aliyewahi kumwona na bidhaa yake mwenyewe. Aliuza mafriji ya watu, makabati ya watu, na safari moja aliuza kiwanja kimoja kwa watu watatu, kila mmoja akamwombea dua ya kheri na baraka. Hakuwa mwizi. Neno hilo lilimuudhi sana. Mwizi huchukua kitu bila ya ruhusa, na yeye kwa miaka ishirini hakuwahi kuchukua hata senti ambayo mwenye mali hakuitoa mfukoni kwa mkono wake, tena anatabasamu.

Jumatatu moja saa tatu za asubuhi alikuwa anakunywa chai kwenye kibanda kinachotazamana na duka la vigae la Abrahman. Akamsikia Abrahman anamuuliza jirani yake, muuza mafeni, wapi mtu anaweza kupata bunduki ya kuwindia, nzuri lakini rahisi. Kidawa akaagiza kikombe cha pili.

Habari yenyewe ilikuwa hivi. Abrahman alikuwa amepeleka posa Muyuni kwa mwalimu mmoja anaitwa Shahida. Baba wa Shahida, Mzee Simai, ndiye aliyekuwa mkubwa wa wasasi wa upande ule, wale wanaume wanaowawinda nguruwe mwitu wasimalize mihogo ya watu. Bunduki yake ya zamani ilikwisha kuliwa na kutu. Abrahman akaona hapo ndipo pa kuingilia: amzawadie mzee bunduki, mzee amzawadie binti. Alikwenda kuulizia kwa njia ya halali, akaambiwa habari za barua ya sheha, kibali cha polisi, safari ya Dar es Salaam, na bei. Aliposikia bei aliomba maji ya kunywa.

Sasa, huyu Abrahman alikuwa mjuaji. Ukimwambia jino linakuuma, atakueleza mizizi yake inavyokwenda. Mambo ya bunduki aliyajua yote kwa kutazama video kwenye simu, na maisha yake hakuwahi kushika hata manati. Kidawa aliwapenda wajuaji kuliko wateja wote. Mtu asiyejua huuliza, na akiuliza itabidi umjibu. Mjuaji haulizi, maana kuuliza ni kukiri.

Kwa hiyo hakumwambia kuwa ana bunduki anauza. Alivuka njia, akamsalimu, akamwambia ana mtihani. Ami yake aliyekuwa msasi amefariki, ameacha bunduki tatu, na zimekaa Mpendae chini ya kitanda. Yeye mwanamke hajui ipi nzuri ipi mbovu. Je, kwa hisani yake, Bwana Abrahman angekwenda kumtazamia tu, japo dakika mbili?

Abrahman alisema ana kazi nyingi, lakini kwa kuwa ni yeye, atakwenda kesho.

Ami mwenyewe alikuwa hai Kidongo Chekundu, anauza kuku, na hakujua kuwa amerithiwa. Kidawa alikwenda moja kwa moja Mji Mkongwe kwa Ridhwan, mwenye duka la vitu vya kale. Vitu vya kale vya Ridhwan vilitengenezwa mwezi uliopita. Bunduki zake zilikuwa vipande vya bomba la maji vilivyotiwa kitako cha mfenesi, vikapigwa misumari ya shaba, kisha vikafukiwa wiki mbili kwenye mchanga wa chumvi vipate umri. Watalii walizipenda. Kidawa aliazima tatu, wakakubaliana kuwa atalipia itakayokwenda.

Siku ya pili alizilaza juu ya shuka nyeupe kama maiti watatu. Ya kwanza ilikuwa ndefu, imejaa shaba. Ya pili ilifungwa darubini ya watoto. Ya tatu ilikuwa nyeusi, haina pambo lolote.

"Mie hata kuzigusa naogopa, mwanangu," alisema Kidawa. "Wewe unayejua ndiye wa kunambia."

Abrahman akamwambia. Ile ya kwanza ni ya Kituruki. Ya pili aliinyanyua, akachungulia kwenye darubini, asione ila kiza, kwa sababu kifuniko kilikuwa bado hakijatolewa. Akasema hiyo ni lenzi ya kuwindia usiku. Ya tatu aliipima mkononi, akaigonga kwa kucha, akasema Mjerumani huyu, hana mchezo. Kidawa alikubali kila neno, na mara mbili alimwomba arudie.

Alipoulizwa bei, alitaja ya ile ya shaba, kubwa. Na ya ile ya darubini, kubwa zaidi. Ile nyeusi akasema haiuzwi, ni ukumbusho wa marehemu. Baada ya hapo Abrahman hakutaka nyengine. Walivutana saa nzima. Kidawa alilia kidogo, akashuka bei, akalia tena, akashuka tena, mpaka Abrahman mwenyewe akamwonea huruma, ingawa si huruma ya kumfanya aongeze kitu. Kisha akaletewa hati ya Ridhwan yenye muhuri wa karafuu. Imeandikwa: *Pambo la ukutani, moja. Halirudishwi.* Abrahman alisema karatasi za aina hii anazijua, akatia saini pasi na kusoma.

Lakini alikuwa bahili, na bahili ana akili zake. Alilipa nusu. Nusu ya pili, alisema, ataitoa mzee akishaipokea zawadi. Tena alihitaji mtu mzima wa kike wa kufuatana naye, kwa sababu mashangazi zake wote walikuwa hawasemi naye tangu alipowaeleza namna ya kupika biriani. Kidawa angekataa, lakini nusu yake ilikuwa bado imo kwenye mfuko wa mwenzake, na alipenda kukaa karibu na mali yake. Ijumaa wakaondoka, yeye kavaa buibui jipya la ushangazi, na pambo la ukutani limefungwa ndani ya mkeka.

Mzee Simai aliwapokea barazani. Alikuwa mtu mrefu, mkavu, wa maneno machache. Abrahman alimpa shikamoo, akaitikiwa marahaba, akamwekea bunduki mapajani. Mzee aliipapasa taratibu kutoka kwenye kitako mpaka kwenye ncha ya mtutu, akaunusa mdomo wake, akanyamaza. Bahati nzuri Abrahman hakuwa mtu wa kuacha ukimya uendelee. Alianza kumfahamisha mzee mambo ya kuwinda. Nguruwe, alimweleza mtu aliyewinda miaka arubaini, ni mnyama mwerevu. Upepo lazima uujue unatoka wapi. Aliendelea hivyo mpaka chakula kikaletwa, na akiwa anakula akahamia kwa Shahida, akamweleza namna ya kufundisha hesabu. Shahida alimsikiliza kwa adabu zote na kumuuliza kama ataongeza wali.

Walipomaliza kula mzee alisema, "Nimeipenda. Kesho alfajiri naingia nayo porini."

Abrahman alimvuta Kidawa pembeni, nyuma ya gari, akamtolea ile nusu ya pili, akaenda zake msikitini na furaha yake.

Hapo ndipo Kidawa alipokuwa aondoke ameshinda. Fedha zote zilikuwa mkobani, na saini ya mjinga aliiacha nyumbani kabatini. Badala yake alisimama ukumbini anatazama Shahida anavyommiminia baba yake maji ya kunawa, polepole, na mzee anavyozinyoosha zile taya zake kavu kwa kucheka jambo aliloambiwa na mwanawe. Kidawa akaanza kuliona lile bomba la maji limetiwa baruti, na karibu yake shavu la yule mzee. Alijiambia mzee ni fundi, ataligundua kabla. Alijiambia mvua itanyesha. Alijiambia yeye ni dalali tu, na dalali hahusiki na kinachotokea kesho. Katika vyote alivyowahi kuuza, na vingi havikuwa kitu, hakijawahi hata kimoja kumpasukia mtu usoni.

Baadaye kidogo alitoka nyuma ya nyumba. Mzee Simai alikuwa amekaa kwenye kigoda anasokota kamba ya usumba wa nazi.

"Mzee, ile bunduki usiipige."

"Kwa nini?"

"Si bunduki. Ni bomba la maji."

Mzee aliendelea kusokota. "Najua," alisema.

"Unajua?"

"Nmesasa nguruwe miaka arubaini, mwanangu. Nlikuwa nasubiri nione kati yenu wawili nani atasema."

Kidawa alikaa chini, juu ya mchanga, na buibui lake jipya. Mzee hakumtukana wala hakupandisha sauti. Alimuuliza tu yule kijana ametozwa kiasi gani. Kidawa akataja fedha za uongo, mzee akaendelea kusokota, Kidawa akataja za kweli. Mzee akasema njia ziko mbili. Ya kwanza, anaitwa sheha, na sheha anawaita polisi. Ya pili, zile fedha zikanunue bunduki ya kweli kwa ajili ya wasasi wa Muyuni, na kibali kamili kwa jina la mpwa wake, Bakar, katibu wao. Na atakayehangaika mpaka ipatikane ni Bi Kidawa mwenyewe.

"Na Abrahman?" aliuliza Kidawa.

"Mwache. Yeye keshaleta bunduki."

Sitaki kuwachosha na mateso ya wiki sita zilizofuata. Mwanamke ambaye hakuwahi kupanga foleni maishani alipanga foleni. Alijaza fomu za mdhamini kwa jina lake la kweli, akaona aibu kama aliyevuliwa ushungi njiani. Ofisi moja alimsogezea karani chochote cha chai ili mambo yaende mbio, na karani akamrudishia mbele ya watu, akamwambia amsamehe, yeye anafunga Jumatatu na Alkhamisi. Mihuri aliyogongewa ilikuwa ya kweli, kila mmoja, na kila mmoja ulichukua siku nne.

Bunduki yenyewe ilipatikana Donge, kwa mjane wa msasi, Bi Ummkulthum, mtutu mmoja, imetumika lakini imetunzwa, na hati zake zote zimo ndani ya bahasha. Kidawa alimjia kwa machozi. Bi Ummkulthum akamletea maji. Akamjia kwa sifa, kwa udugu, kwa habari za watoto mayatima wanaoliwa mihogo yao na nguruwe. Bi Ummkulthum alisikiliza yote, na kila Kidawa aliponyamaza alitaja bei ile ile. Abrahman alitoa fedha za bunduki rahisi, na hii haikuwa rahisi. Tofauti ilitoka kwenye mkono wa Kidawa: bangili mbili za dhahabu, alizozivaa tangu harusi yake ya kwanza.

Wakati huo Shahida alikwisha kuijibu posa. Alikataa, kwa barua fupi yenye heshima na isiyo na kosa hata moja la herufi, na zawadi ikarudishwa kama ada inavyotaka. Abrahman hakuvunjika moyo. Aliitundika ile bunduki dukani juu ya vigae vya chooni, na mpaka leo ukiingia kununua saruji utaelezwa Mjerumani anavyotengeneza mtutu.

Basi siku ya siku Kidawa alishuka Muyuni pamoja na Bakar, kijana mpole wa miaka thelathini aliyesota naye foleni zote. Bakar akaiweka bunduki kwenye mapaja ya mjomba wake. Mzee aliipapasa kama alivyoipapasa ile ya kwanza, akaunusa mdomo wa mtutu, na safari hii akatabasamu. Kisha akapewa kibali. Alikishika kwa vidole viwili, juu chini, chini juu, akamnyooshea Kidawa.

"Nisomee."

"Kwani miwani yako iko wapi, mzee?"

"Miwani ya nini? Macho haya mwaka wa tatu sasa. Naona mwanga na kivuli, basi."

Kidawa alimtazama Bakar. Bakar alikuwa anatafuta mahali pengine pa kutazama.

"Sasa lile bomba ulilijuaje?"

"Sikulijua," alisema Mzee Simai. "Nliipenda sana ile bunduki. Nlitaka niitie begani, nende na vijana mpaka shambani, nikae nayo. Kupiga sipigi tena mie. Ulinambia wewe."

Kuku walipita barazani. Kidawa aliutazama mkono wake wa kushoto, pale zilipokuwa bangili, akaona alama yake nyeupe bado haijaondoka. Alitaka kukasirika. Alizitafuta hasira kila mahali anapoziweka, hakuzikuta. Alichokikuta kilikuwa kama kile wanachokisikia moyoni wateja wake wanapomwombea dua, na hakujua kama acheke au amwombe mzee amweleze taratibu namna alivyomchezea.

Halafu akaitazama ile karatasi. Mbele yake alikuwa amekaa mtu asiyeona, anasubiri kusomewa, na katika kazi yake hakuna hali aliyokuwa akiiomba kwa Mungu kuliko hiyo. Angeweza kusoma jina lolote, na Bakar kwa upole wake asingemkatiza mtu mzima. Angeweza kumtajia ada ambayo haijalipwa bado, akazirudisha bangili na nauli juu yake.

Akakohoa kidogo, akaanza. Alisoma kila neno, jina la Bakar na la baba yake, aina ya bunduki, namba, tarehe, masharti yote kumi na moja, mpaka yale maandishi madogo ya chini ambayo hata walioyaandika hawayasomi.

Mzee Simai alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akamwambia Bakar asogee, asimame nyuma ya Bi Kidawa, afuate maandishi kwa kidole.

"Sasa soma tena," alisema, "taratibu."

Akasoma tena.