Nyani Wamekunywa Posa ya Privatus

Kaisho, Jumatatu asubuhi

Mheshimiwa Mhifadhi wa Msitu,

Tumsifu Yesu Kristo. Habari za afya yako, na ule mgongo uliokuwa ukikusumbua siku ya mkutano wa kijiji? Sisi tu wazima kwa neema, ila nina jambo limenikaa kooni, nami nakueleza kama ndugu.

1. Mwanangu Privatus anaposa kwa mzee Rwegoshora wa Songambele, bintiye aitwaye Salvina. Nilikamua rubisi, pombe yetu ya ndizi, ya kuwapelekea wakwe. Ikiwa imelala siku moja tu kwenye mtumbwi wa kukamulia, nyani wa hifadhi yako wakaifunua, wakainywa yote. Hata mashapo hawakubakiza.

2. Askari wako alinikataza hata kuwarushia kijiti. Alisema nyani ni mali ya serikali, nijaze fomu. Fomu inauliza zao gani limeliwa, na kiasi gani. Nikaandika: mke wa mwanangu, mmoja.

3. Kwa mila yetu, anayekunywa pombe ya posa ameridhia kutoa binti. Nilipomweleza Rwegoshora alicheka mpaka akakohoa, akasema basi tukaoe kwa hao waliokunywa. Nimesali rozari nzima juu ya neno hilo, naona mzee ana haki. Wamekunywa wa serikali, basi serikali itoe binti. Awe amepata kipaimara na ajue kupalilia mgomba.

Na lile dume lao kubwa sasa huja kila asubuhi kukaa barazani kwangu, limetulia kama mshenga. Mke wangu Dafroza hajui alifukuze au alipigie magoti.

4. Kama binti hamna, njoo Jumamosi na sare zako, umebeba rubisi nyingine, umwambie Rwegoshora kwa kinywa chako kwamba waliokunywa ni watoto wako. La sivyo Salvina anaolewa na mwalimu mmoja wa Nyakasimbi, ambaye rubisi yake imeshafika.

Wasalimie askari wote, mama watoto, na wale nyani ambao hawakunywa.

Mimi nduguyo katika Bwana,
Yustus, katekista msaidizi

N.B. Ukija kukagua, mtumbwi uko hatua arobaini ndani ya mipaka yenu. Niliuficha huko kwa sababu shemeji yangu Rwezaura hunusa pombe hata akiwa ng'ambo ya kilima. Majani ya mgomba hayakutosha, nikamalizia kuufunika kwa kile kibao chenu cha Usiingie. Tafadhali nijibu mapema.