Sahani za Mashofere wa Kashebere

Jumatatu, tarehe 4 Novemba

Mvua tangu asubuhi. Ukungu umeshuka mpaka barabarani, Kashebere yote inaelea kama ndizi ndani ya mvuke. Hewa nzuri ya kuwaza. Nimewaza.

Redio ilisema: kwenye miji mikubwa ya mbali, restora hazimwagi tena chakula kilichobaki. Zinakiweka kwenye telefone, watu wanakinunua kwa nusu bei. Muntu mmoja tu alibuni jukwaa hilo la mtandaoni, leo anakaa kwenye nyumba ya vioo. Vioo! Na mimi niko hapa, mume wa mwenye restora, ninachambua maharagi.

Mimi Isidore sikusaidiwa na mtu. Hesabu nilijifundisha mwenyewe, kwa kupima mawese ya Walikale kwenye bidoni za watu walionidharau. Njo maana nilipoinua macho niliona kitu ambacho mke wangu Agathe hakioni. Kwenye ubao ulio juu ya jiko, sahani saba zimefunikwa. Bugali, sombe ya majani ya muhogo, kipande cha nyama. Ni za mashofere wa kamiyo, yale malori makubwa yanayotoka Walikale. Kila mmoja ana yake. Wakikwama kwenye matope, Agathe anapika vilevile na anafunika vilevile. Chakula kikilala, asubuhi anawapa majirani, kisha anapika kipya.

Nikamweleza taratibu. Sahani saba, walaji sifuri: ziada ni saba. Akajibu kwamba sahani iliyofunikwa ina mwenyewe, hata kama mwenyewe yuko mbali. Akaongeza kwamba maharagi yale yana mawe, niangalie vizuri.

Mtu mwenye maono kila mara anaoa vibaya.

Jumanne, tarehe 5

Nimechora jukwaa langu nyuma ya kartoni ya sabuni. Juu, picha ya sahani. Katikati, butoni ya kijani. Chini, jina: HAIPOTEI. Nimeliangalia muda mrefu. Ile kijani iliniingia machoni kama majani ya Masisi mvua ikikatika.

Nikaona butoni zangu zinawaka kilima hadi kilima, kutoka malisho ya ng'ombe mpaka ndani ya pori. Wachimbaji wa Omate wanatoka kwenye mashimo, wanafuta kidole kwenye suruali, wanabonyeza. Sahani zinaruka juu ya miti, polepole, kama yangeyange wakirudi kulala. Hakuna hata moja inayomwagika.

Agathe akauliza kama maharagi yameisha.

Nilienda kwa Élysée, yule anayechaji telefone za watu kwa pano ya jua. Anajua kutengeneza site, na anajua kwamba anajua. Alikubali, kwa sharti picha yake ikae ukurasa wa kwanza. Nikasema maono ni ya nani? Akasema telefone ni ya nani? Tukabishana mpaka betri ya mteja ikajaa. Mwishoni tulikubaliana: picha moja, sisi wawili. Nimeiona. Élysée yupo mzima, na meno. Mimi amenibakishia sikio.

Kuna jambo dogo la rezo, ule mtandao wa telefone. Hapa chini haipatikani. Inapatikana tu kule kilimani nyuma ya kanisa, ukisimama karibu na jiwe. Kwa hiyo anayetaka kununua atapanda kwanza. Élysée aliona ni tatizo. Mimi naona ni faida: kupanda kunaongeza njaa.

Jumatano, tarehe 6

Ufunguzi!

Asubuhi nilimtembelea Dorothée, mwenye restora ya ng'ambo ya barabara, ile yenye hema la bluu. Nilimpa heshima ya kuwa wa kwanza kujiandikisha. Akasema kwake hakubaki kitu, sufuria zinalambwa. Kama natafuta mabaki, nijiangalie kichwani kama kuna kilichobaki. Wivu wa waziwazi.

Saa sita mwalimu Séraphin alisimama mlangoni kwetu na njaa yake. Nikamwomba apande kilimani aweke komande. Akasema lakini chakula kiko pale, anakiona. Nikamweleza kwamba kukiona si kukikomanda. Akapanda, maskini, mwalimu ni mtu wa taratibu. Nikapanda na mimi kuipokea. Komande yake ilipofika kwenye telefone yangu, mwenyewe alikuwa ameshashuka, na matope mpaka magotini, na ameshakula kwa Dorothée. Ni kasoro ya mawimbi. Haihusu mpango wenyewe.

Mchana Agathe alikwenda shambani kung'oa mihogo. Nyumba ikanyamaza. Mimi na zile sahani saba tukaangaliana.

Nilifunua ya kwanza. Mvuke ukapanda ukanigusa usoni, laini, kama mtu anayekuita kwa sauti ya chini. Nikafunua zote. Nikapiga picha, nikapanda, nikaituma. Kule juu kulikuwa na vijana wa kwaya wanaotafuta rezo. Nusu bei! Walishuka wakikimbia, wakala zote saba, wakaramba na vifuniko.

Asilimia mia. Ziada sifuri. Nilijilaza kwenye benchi nikaiona ile nyumba ya vioo. Ukungu ulikuwa unaigusa kutoka nje, lakini ndani palikuwa pakavu.

Agathe alirudi amechelewa, amelowa, akalala bila kutazama ubao. Sikutaka kumsumbua na habari njema.

Alhamisi, tarehe 7

Nimeonewa.

Alfajiri kabla Agathe hajawasha moto, kamiyo zilitoka kwenye matope. Mashofere wakaingia, wekundu kwa udongo mpaka nyusi. Mbele yao Polycarpe, mkubwa wao. Anapopaki Polycarpe, wote wanapaki. Hakuomba kitu. Aliinua tu macho kwenye ubao, kama mtu anayeangalia kama taa ya nyumbani inawaka.

Sahani saba. Tupu. Na kijiko cha mwanakwaya ndani ya moja.

Nilimkaribisha kwa upole. Nilimwambia chakula chake hakikupotea, kimeliwa, na kwamba akipanda kilimani anaweza kukomanda cha kesho, na kama mteja wa zamani nitampunguzia. Hakunitazama hata kidogo. Alimtazama mke wangu.

"Mama Agathe," akasema, "kule mu matope tulikuwa tunaambiana: kamiyo inaweza kulala, lakini sahani iko. Njo kitu kilitupatia nguvu ya kusukuma."

Akatoka. Wote wakamfuata. Wakavuka barabara mpaka kwenye hema la bluu.

Agathe alizishusha zile sahani, akazifuta, akazirudisha ubaoni moja moja. Kisha akaniita kwa jina la binti yetu aliyeolewa kule Shasha. Akiniita hivyo, si vizuri.

"Papa Cindy. Chukua mukeka yako. Utalala mu jiko."

Nauliza: nani mwingine Kashebere aliuza asilimia mia siku ya kwanza? Ndiye anayelala na majivu.

Jumapili, tarehe 10

Kamiyo zinapita. Zinapunguza mwendo mbele yetu, kwa mazoea, halafu zinakumbuka.

Sufuria ya Agathe ilijaa mpaka jioni. Nilimwonyesha upande mzuri: jukwaa halijawahi kuwa na ziada nyingi hivi. Sufuria nzima! Hakucheka. Alisema bila mashofere hii restora si restora, ni moshi tu. Wiki ijayo wakiendelea kupita, atamrudishia mwenye nyumba ufunguo na kwenda kulima mashamba ya watu. Alisema bila hasira, huku anakoroga. Heri angekasirika.

Dorothée yuko mlangoni kwake, anaimba.

Élysée amebadilisha picha ya ukurasa wa kwanza. Sikio limeondoka.

Jumanne, tarehe 12

Mvua kubwa usiku kucha. Asubuhi habari ikaja: kamiyo zimekwama tena, mahali palepale.

Agathe alipika kabla ya jua. Akajaza sahani saba, akazifunika, akazifunga kwa kitenge ndani ya beseni, akaliweka kichwani. Mimi akanipa sufuria ya maharagi ya wasafiri wanaopanda juu ya kamiyo, na neno moja: beba. Nikauliza kama hatungoji mvua ikatike. Alikuwa ameshatoka.

Ukungu ulikuwa mzito hivi kwamba sikumwona mwenyewe. Niliona beseni tu, jeupe, linaelea mbele yangu juu ya barabara, halitikisiki. Nililifuata. Sijui tulitembea kiasi gani. Pande zote kulikuwa na sauti za maji na za ndege nisiowaona, na kwa muda nilisahau kwamba nimeonewa.

Kamiyo zilikuwa zimelala upande, kama ng'ombe. Mashofere wamejibanza chini ya turubai. Agathe alishusha beseni. Alimpa kila mmoja sahani yake. Anazijua, hii ya pembe iliyovunjika, hii ya ua jekundu. Mimi niliwagawia wasafiri maharagi. Waliniita papa.

Polycarpe aliishika yake kwa mikono miwili bila kuifunua. Akala mwisho kuliko wote. Alipomaliza akaisuuza kwa maji ya mvua, akamrudishia.

"Uirudishe pa nafasi yake, mama," akasema. "Sisi tuko tunakuja."

Niliona macho ya Agathe yameloa. Mvua, bila shaka. Yangu pia.

Ijumaa, tarehe 15

Kamiyo saba mbele ya mlango wetu! Dorothée haimbi tena.

Polycarpe alikula, akajifuta mdomo, halafu akaniombea msamaha. Alimwambia Agathe kwamba mzee huyu alibeba sufuria mpaka kule, arudi sasa kwenye kitanda. Agathe akajibu kwamba hakufunga mlango. Nafasi ipo palepale. Atakapoelewa, atajua mwenyewe pa kulala.

Kuelewa nini? Nimeelewa kila kitu tangu zamani. Kosa halikuwa langu. Chakula ni bidhaa mbaya kwa jukwaa: kinapoa, na kina ndugu wanaokidai. Kule matopeni niliona kilichokosekana kwa kweli. Wasafiri wanalala juu ya magunia, wanaloa, hakuna pa kuweka kichwa.

Mchana nimeingia chumbani kuchukua sweta. Nimesimama. Usiku Agathe anajibana ukutani kama kawaida yake, alama ya mwili wake bado inaonekana kitandani. Upande wa pili, hakuna alama. Shuka mpya imenyooshwa. Blanketi nzito imekunjwa vizuri, mto umepigwa ukavimba. Tangu ile Alhamisi hakuna aliyeugusa upande huo, na kila asubuhi Agathe anautandika upya. Kazi ya bure! Asilimia hamsini ya kitanda, katika msimu wa mvua, mbele ya barabara.

Nikaketi kwenye ukingo, moyo unaenda taratibu, nikaona butoni nyingine. Ya bluu safari hii.

Nimepiga picha. Napanda kilimani kabla rezo haijaondoka. Chini yake nimeandika: nusu kitanda, shuka safi, haina mwenyewe.