Fisi, Mwezi na Sura Yangu

Jumatatu, 3 Juni
Fursa! Mkutubi wa maktaba anakusanya video za hadithi za lugha yetu ya nyumbani, azihifadhi kwenye kompyuta zisipotee. Filamu bora itaonyeshwa ukumbini. Bora ni yangu, hilo halina mjadala. Bibi ndiye pekee aliyebaki anayeijua hadithi ya Fisi aliyemchumbia Mwezi, mwanzo hadi mwisho. Ila Jumatatu ijayo anafanyiwa upasuaji wa koo, na daktari amesema sauti huenda isirudi. Mama kalia. Mimi pia, kidogo. Kisha nikachaji simu.

Jumanne, 4 Juni
Binamu yangu Profesa (jina la utani tu, anasahihisha watu hadi msibani) kaja na kamera kubwa. Nikamwambia mlangoni kwamba Bibi amelala fofofo. Bibi, nyuma yangu, akauliza ni nani huyo aliyelala. Aibu!

Jumatano, 5 Juni
Chumba changu sasa ni studio. Mablanketi ukutani, madirisha yamefungwa. Bibi akasema anaiva kwa joto. Nikamkatiza kila sentensi, ndivyo waongozaji wanavyofanya. Nikamwomba atie huzuni.
"Mjukuu wangu, hapo Fisi anacheka. Nihuzunike ya nini?"
Nikapendekeza tuukate wimbo, ni mrefu mno. Akasimama, akajifuta jasho. Akasema sauti iliyobaki si ya kuchezea. Akaenda zake.

Ijumaa, 7 Juni
Usaliti! Profesa kakaa jikoni na kamera yake, kimya, na Bibi anakaanga vitunguu huku akisimulia bila hata kuombwa. Na wimbo juu! Nikajibanza nje ya dirisha, nikarekodi kwa siri. Mwezi alipomkataa Fisi, machozi yakanitoka. Fisi alipotangaza kwamba yeye ndiye aliyekataa, nilicheka hadi nikaangukia ndoo. Bibi hakugeuka. Aliimba mpaka mwisho, sauti ikikwaruza.

Jumamosi, 8 Juni
Kamera ya Profesa ilizima katikati ya wimbo. Betri! Nilifurahi kuliko inavyofaa. Nikafungua video yangu. Balaa! Nilibonyeza kamera ya upande wangu. Sura yangu tupu: meno, machozi, kamasi. Lakini sauti ya Bibi ipo, kamili, na ndoo pia. Mkutubi alisikiliza amefumba macho. Akasema hii ni hazina, ataihifadhi. Sauti tu, akasisitiza; mahali pa sura yangu ataweka picha ya Bibi. Wivu huo! Profesa akanishika mkono, macho mekundu. Hata hakunisahihisha.

Jumanne, 11 Juni
Bibi ametoka salama. Haruhusiwi kuongea, na sauti bado hatujui. Tukamwekea video yangu kitandani. Midomo yake ikaufuata wimbo, neno kwa neno. Kisha akaitazama sura yangu, akacheka kimyakimya, mabega yakitikisika, mpaka muuguzi akatufukuza.
Nimetafakari njia nzima. Mambo yako wazi: kilichombeba Bibi ni uso wangu. Shangazi ana vitendawili visivyojulikana na mtu mwingine. Kesho naanza naye. Nitamkalisha nyuma ya pazia, asinizibie mwanga.