Daktari Aliyesajiliwa

Jumatatu, 3 Machi
Kamisheni ya ngumi imetoa kanuni mpya. Kurasa kumi na nne. Enzi zetu kanuni ilikuwa moja: ukianguka, amka. Sasa kila bondia apimwe na daktari kabla ya pambano, na aliyepoteza fahamu apumzike siku tisini. Siku tisini! Hata mimba inakuwa imeshaonekana.
Pambano letu ni Jumamosi hii. Bondia wangu ni mkwe wangu, mume wa binti yangu. Alipoteza fahamu mazoezini wiki mbili zilizopita, lakini kidogo tu. Tulihesabu hadi arobaini, akafumbua macho akauliza nani kazima taa. Ilikuwa saa nne asubuhi, nje.

Jumanne, 4 Machi
Nimempeleka hospitali. Njiani nilimfunza: akiulizwa habari za kichwa, aseme kipo. Daktari, kijana wa miwani, akamwuliza leo siku gani. Mkwe akanitazama. Nikakohoa mara nne, yaani Jumanne. Mkwe akajibu, saa nne.
Daktari kakataa kusaini. Anataka picha ya kichwa kwanza, halafu zile siku tisini zao. Mimi kaniandikia dawa ya kifua.
Binti yangu kaja jioni. Anasema mumewe katia sukari kwenye chai mara tatu, kainywa yote, kisha kauliza chai italetwa saa ngapi. Nikamwambia wanaume wote tuko hivyo. Hakucheka. Kasema, "Baba, huyo ni mume wangu, si mkokoteni wako." Maneno makali. Mama yake alikuwa hivyo hivyo.

Jumatano, 5 Machi
Nimezisoma kanuni upya, kwa kidole. Ukurasa wa sita: "daktari aliyesajiliwa." Nukta. Wa nini, hawakusema. Wasomi hawa.
Jirani yangu ni daktari wa mifugo. Kasajiliwa, cheti kinaning'inia juu ya friji ya chanjo. Tumetukanana kwa amani miaka thelathini. Nikamweleza mpango. Akasema ningekuwa mbwa angenichanja leo leo. Nikambembeleza: kazi nyepesi, mgonjwa mwenyewe hapigi teke. Mwisho akakubali kuja Jumamosi, ila hasaini kitu kabla ya kumwona kwa macho yake. Nimerudi nyumbani nikipiga mluzi.

Ijumaa, 7 Machi
Kupima uzito. Mkaguzi wa kamisheni ni binti mdogo mwenye faili kubwa. Kaniamkia kwa adabu zote, kisha akaanza kunibana. Daktari wenu yuko wapi, mzee wangu? Nikasema yuko kazini, anazalisha. Hospitali gani? Nikasema huyu huwafuata wazazi huko huko waliko. Akasema madaktari wenye moyo huo wamebaki wachache. Nikaunga mkono.
Uzito wa mkwe uko sawa. Shida ilikuwa kumshusha kwenye mzani. Alisema anasubiri ghorofa ya tatu.

Jumamosi, 8 Machi
Pambano lilipangwa saa kumi alasiri. Binti yangu kaja bila mwaliko, kasimama mlangoni mwa chumba cha kubadilishia nguo, mkoba kaukumbatia.
Jirani yangu daktari kaingia na mabuti ya mpira. Akamfungua mkwe mdomo, akatazama meno. Hapo niliona aibu kidogo. Kisha akammulika macho kwa tochi. La kulia. La kushoto. La kulia tena. Mzaha ukamtoka usoni. Akamwambia atembee akifuata mstari wa vigae. Mkwe akaenda moja kwa moja hadi ukutani, akaomba radhi kwa ukuta.
Daktari akaninong'oneza, "Ndugu yangu, ng'ombe akiwa hivi simwachi hata avuke barabara."
Nikamkumbusha tulichohitaji ni sahihi tu. Akaandika, akasaini. Nikampokonya karatasi nikamkimbizia mkaguzi kabla hajabadili mawazo. Laiti ningeisoma kwanza. Mkaguzi kaisoma kwa sauti: asipigane, apelekwe hospitali sasa hivi. Chini fomu yenyewe iliendelea: atengwe na wenzake, asipandishwe lori. Muhuri ulikuwa na kichwa cha mbuzi.
Mkaguzi akautazama muhuri, akanitazama mimi. Akasema cheti ni batili, nitaitwa mbele ya kamati ya nidhamu, na pambano limefutwa. Akaita gari la wagonjwa. Binti yangu akapanda na mumewe. Nilipoinua mguu nipande, akavuta mlango.

Jumatatu, 10 Machi
Damu ilikuwa imevia ndani ya fuvu. Wameitoa. Yule kijana wa miwani anasema raundi moja tu ingemmaliza. Asubuhi mkwe kamwita mkewe kwa jina, wakalia wote wawili. Niliwaona kupitia kioo cha mlango. Nami vumbi likaniingia machoni.
Ngumi kwake basi, maisha yake yote. Binti kaniambia nisikanyage chumba kile mpaka nilijue kosa langu. Nimekaa kwenye benchi nikalitafuta kwa moyo mweupe, kama saa nzima. Nimelipata: nilichagua daktari mwaminifu.
Mlango wa pili ni wodi ya mifupa. Kitanda cha dirishani kalala mpakia mizigo, mabega kama kabati. Mkono wa kulia una plasta. Nimemwuliza muuguzi, inatolewa Alhamisi. Nikamwomba mpakia mizigo ageuke kidogo, nimwone mgongo.