Begi la Mama Mkwe

Jumatatu, 3 Machi

Mimi nina kipaji. Nikimtazama mtu usoni, najua anawaza nini. Sikusoma sana, lakini hiki hakifundishwi darasani. Baba Bonge anacheka. Anasema mbona nampakulia akiwa ameshiba na kumpigia soga akiwa amelala. Wivu tu.

Leo nimerudi kutoka kazini, nimemkuta mama mkwe amekaa kitandani, kimya, mkono shavuni. Chini ya kitanda, begi lake limetuna. Magauni yake yote yamo! Nikamuuliza kuna nini. Akasema hamna kitu, mwanangu. Mwanamke akisema hamna kitu, ujue kipo. Anataka kuondoka!

Akiondoka, nimekwisha. Nani atabaki na Bonge wangu? Fundi, bosi wangu wa ushonaji, hataki hata kumsikia pale dukani tangu alipotafuna chaki ya kukatia. Na cherehani nimekabidhiwa juzi tu, baada ya kushonea watu vifungo mpaka vidole vikafa ganzi. Siiachii ng'o!

Jumanne, 4 Machi

Nimewaza, nimepata. Mama amechoka na kazi za nyumbani. Dawa yake: asiguse kazi yoyote! Nimeamka kabla ya wote. Nimefua, nimepika, nimedeki, nimemwogesha Bonge. Mama aliposhika ufagio nikamnyang'anya, kwa heshima zote. Akashika sufuria. Nikaipokonya pia. Mwisho akakaa, mikono mapajani, ananitazama tu. Furaha imemziba mdomo!

Kazini usingizi umenibeba. Nimeshona mkono wa shati shingoni. Fundi kaniuliza kama huyu mteja mkono wake umeota shingoni.

Jumatano, 5 Machi

Bado kimya. Anakunywa uji tu, chakula hagusi. Basi si uchovu, ni nyumbani kwake kunamvuta. Nimebadilisha mbinu. Mtu ukimzuia ndiyo anazidi kutaka kwenda. Ukimruhusu, hamu inakwisha. Bonge yuko hivyo hivyo: mnyime kijiko, analia, mpe, anakitupa. Nikamwambia mama kwa sauti tamu kabisa kwamba akitaka kurudi kwake aende tu, asitufikirie, tutajimudu. Nikatulia nisikie akisema hawezi kumwacha mjukuu wake.

Akasema, "Haya, mwanangu."

Haya! Ndiyo nini? Kisha akamwomba mwanawe amtafutie usafiri wa Jumamosi. Jamani!

Alhamisi, 6 Machi

Bila begi hakuna safari. Mama alipoingia kuoga, nikalichomoa, nikalifunika blanketi la Bonge, huyo kazini. Nimelisukumia kwenye kona nyuma ya mlango wa duka. Hakuna atakayejua.

Jioni mama akaniuliza kama nimeliona. Nikatoa macho ya mtoto mchanga. Nikainama uvunguni nikamsaidia kutafuta. Nikatafuta hadi uani. Nimetafuta kwa moyo mpaka mwenyewe nikaanza kumshuku jirani.

Ijumaa, 7 Machi

Nataka kufa.

Pale dukani kila mtu anajua, na mimi najua, lakini kichwa changu sijui kilikuwa wapi: mzigo ukikaa nyuma ya mlango ni wa kupunguza. Dada muuza viatu wa jirani huacha magauni yake hapo, yakatwe hadi magotini. Fundi kaona begi. Fundi kakata! Nimefika ananionyesha pindo jipya kwa fahari. Nikapiga yowe, mbona hukuuliza ni la nani? Kanishangaa. "Niulize nini, dada, wakati najua?"

Watu wengine bwana!

Nimelirudisha begi nyumbani. Nikasema yote. Mama hakunigombeza. Alivaa gauni moja, akasimama katikati ya chumba, magoti yote mawili nje. Bonge akatambaa, akayapiga kama ngoma. Mama akaanza kucheka, kisha akashika shavu, akasema aa, jino!

Jino! Wiki nzima ni jino! Mwanawe alijua. Eti alimuuliza. Na magauni yalihamia kwenye begi kwa sababu Bonge amejifunza kufungua kabati na kujifutia uji humo. Mama hakuwa na safari yoyote. Ila nilipomnyang'anya ufagio, akaona nimemchoka. Nilipomwambia aende tu, akawa na hakika. Alilia bafuni, anasema. Maskini, mama wa watu!

Akaniuliza, na wewe mwenyewe ulikuwa unataka nini, mwanangu? Nikasema, mtu wa kubaki na Bonge. Halafu machozi yakanishuka, sijui yametoka wapi. Nikajisikia nasema kwamba nikirudi kutoka kazini ni yeye peke yake anayeniuliza kama nimekula. Sikujua kama nalijua hilo. Akanikumbatia, Bonge kabanwa katikati anapiga kelele.

Usafiri umefutwa. Amesema atakwenda wapi na magoti nje?

Jumamosi, 8 Machi

Mama kang'olewa jino. Nimemuungia magauni kwa mabaki ya vitambaa vya dukani: zambarau, mistari, maua. Kasema anafanana na pazia, lakini kalivaa moja akazunguka nalo uani. Ufagio nimemrudishia. Ukitazama vizuri, mpango wangu umefanikiwa. Nilitaka abaki, kabaki!

Kaniomba jambo moja tu. Nikitaka kujua mtu anawaza nini, nimuulize. Nimekubali kwa moyo wote. Kuanzia leo, mama, nitauliza.

Ila fundi leo mchana kasimama nyuma ya cherehani yangu. Kimya. Kashika kidevu, kaitazama, kaguna, kaondoka. Nimuulize nini, wakati najua? Anataka kumpa mtu mwingine cherehani yangu!

Mkanda wa cherehani nimeuchomoa nimekuja nao. Upo chini ya godoro la Bonge. Tuone huyo mtu atashona na nini.