Kiduara Kisichojua Kusema Hapana

Bura, Fafi

Kwa Fundi Mkuu,
Tovuti ya Uhamisho, Shule za Mwamko Mwema.

Ndugu Fundi,

Pokea salamu za Bura, na joto lake. Mimi ni Mwalimu Loise Wanji. Siku kumi na moja zilizopita niliomba, kupitia tovuti yako, nihamishiwe Kitui aliko Martin, mwanamume anayetaka kunioa. Nikabonyeza "Tuma". Kikatokea kiduara kinachozunguka, na maneno: "Tafadhali subiri. Usifunge ukurasa huu." Mimi ni mtu wa kutii. Malalamiko yangu ni haya:

1. Sijaufunga. Kompyuta naibeba ikiwa wazi mpaka darasani, mpaka dukani kwa Bilan ninakoichaji kwa sola, na Jumapili mpaka kanisani, ambako mchungaji aliiombea.

2. Niliwaambia Gredi ya Tano wachore mzunguko wa maji. Ishirini na wawili wamechora kiduara chako. Nikawapa alama, ningefanyaje?

3. Mwalimu Hanad, anayefundisha kompyuta, amechungulia maagizo uliyoyaandika nyuma ya ukurasa. Anasema ombi likifaulu uliandika pongezi, tena na maua. Likishindikana, hukuandika kitu. Kwamba likiisha, kwa heri au kwa shari, kiduara kiondoke, hukuandika vilevile. Jamani! Kumbe mtandao ulikatika siku ile ile ya kwanza, na chenyewe kinazunguka tu, hakina habari.

4. Hili ndilo linaloniuma. Mzee Keynan, mfugaji na mzazi hapa shuleni, huniuliza kila asubuhi, "Mwalimu, ile mtu ulituma, bado hajarudi?" Kwao, ukame ukianza, hutumwa mtu mbele kutafuta malisho, kazi hiyo wanaiita sahan. Akipata nyasi, anarudi kusema. Asipopata, anarudi kusema. Ngamia wake akifa njiani, anarudi kwa miguu, anasema. Watu hawawezi kukaa wamefunga mizigo wakimngoja mtu aliyenyamaza.

Kwa hivyo naomba uletwe Bura, upewe maji ya njiani, uende sahan msimu mmoja. Ukirudi na jibu, lolote lile, ndipo uruhusiwe kugusa kompyuta tena. Mtu akiulizwa, ajibu. Hapana nayo ni jibu.

Nisalimie wote hapo ofisini, wa nyumbani kwako, na aliyechora yale maua.

Ni mimi, mtiifu kupita kiasi,
Mwl. Loise Wanji

Nyongeza: Kabla ya kuituma barua hii nilimsomea Martin kwa simu. Alicheka sana mpaka tulipofika namba nne. Kisha akaniuliza kuhusu swali lake la tangu Pasaka, kama nitaolewa naye au la. Kila akiuliza nilikuwa namwambia angoje uhamisho utoke. Niliona haya, ndugu yangu, maana jibu nilikuwa nalo muda wote. Nikamjibu: hapana. Akasema asante, na nadhani alimaanisha. Basi lile ombi la Kitui liache lipotelee huko huko. Nililia kidogo, kisha nikala nikashiba.